Magunia Kumi na Moja

Hapa Majengo udongo huja kwa bei.
Usicheke, wewe unayelala juu ya ardhi
inayomeza jembe mpaka mpini.
Kwetu jembe likishuka hulia ngwe!
na kurudi na pengo.

Hangi aliniletea magunia kumi na moja kwa chukudu,
safari tatu kutoka upande wa Sake,
goti la kushoto juu ya kipande cha ndala.
Akajipangusa, akasema:
Mama Asifiwe, nimebeba viazi, makala, jeneza mara moja.
Udongo ndio abiria pekee asiyeuliza tutafika lini.

Nikayapanga mstari mmoja,
pale pale penye ugomvi.

Kwa maana ugomvi upo, siufichi.
Mlima ulipotapika, volkano ilipita juu ya mipaka:
ua wa minyaa, mparachichi, vigingi vya baba mkwe,
vyote vikazikwa chini ya jiwe refu kuliko mlango.
Tuliporudi tulipima kwa kumbukumbu.
Yangu ilikuwa na hatua tisa kutoka chooni.
Ya Kavugho, jirani yangu, ilikuwa na saba.
Mkubwa wa mtaa akaja na kamba; kamba ikakatika.
Tangu siku ile hatukuombana moto.

Mbegu za epinari zilifika ndani ya karatasi ya daftari,
zimekunjwa kama dawa ya minyoo.
Nikaziloweka usiku katika kikombe cha Asifiwe.
Alfajiri, gizani, akapiga funda moja,
akashinda akilia kwamba atachipua tumboni.

Zilizobaki nilizipanda.
Katikati ya kila gunia nilisimamisha nguzo ya kokoto,
maji yapate njia ya kushuka.
(Tunaweza kukosa vyote katika mji huu.
Kokoto, hapana.)
Ubavuni nikatoboa kwa kisu, tundu kwa tundu,
bidoni moja la maji asubuhi,
jioni maji niliyooshea mchele.

Kuku wa Kavugho akala mche wa kwanza hadi wa mwisho.
Nilimwona. Kavugho naye aliniona nikimwona.
Nikanyamaza, nikapanda upya,
nikafunika kwa chandarua chenye matundu
ambacho mbu walishakizoea.

Wiki ya tano majani yakawa mapana kama kiganja,
ya kijani nzito, yenye mikunjo,
na kila asubuhi nililazimika kuyafuta vumbi jeusi
kama mtu anayefuta kamasi za watoto wengi.
Ila yalinitia uchungu jambo moja:
jua la asubuhi huchomozea kwake.
Majani bora yote yalimgeukia yeye,
mimi yakanipa mgongo.

Kisha jioni moja, nikipepea jiko,
nikasikia kisu upande wa pili: chwe. Chwe.
Nikainuka na mwiko mkononi.
Nikachungulia.
Alikuwa ameinama, anakata majani ya nje tu,
moja moja, chini kabisa ya kikonyo,
ya katikati ameyaacha yakue.
Mwizi hung'oa.
Nikarudi jikoni, mboga yangu ilikuwa inaungua.

Kesho yake, juu ya gunia la sita,
kikombe cha karanga zilizosagwa, kimefunikwa sahani.
Hakuna neno.
Nikaosha kikombe, nikakirudisha na chumvi ndani,
kwa sababu chombo hakirudi kitupu,
hata kwa mtu wa hatua saba.

Mpaka bado hatujaupata.
Asifiwe huniuliza kama mizizi itafika chini,
kwenye jiko la bibi yake lililozikwa,
kama kule bado kuna sufuria.
Namwambia ale.

Juzi mvua ilipasua gunia la tisa.
Udongo wangu ukamwagikia kwake,
hatua moja nzima, labda na nusu.
Nilisimama nikihesabu ndani ya moyo: nane. Tisa.
Kavugho akatoka na koleo, akautazama,
akanitazama.
"Sindano ya kushonea magunia," akasema, "unayo?"
Ninayo.
Nimeshika kingo mbili za gunia, yeye anashona,
na udongo uliomwagika
tumeupanda vitunguu.